Malka na Saraka: Istilahi za Ruhusa katika Hifadhi ya Pamoja

Kau ni mji mkongwe ulio kando ya Mto Ozi, juu ya Kipini, katika nchi ya wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma. Katika delta hiyo ya Tana, njia ya mifugo ipitayo kati ya mashamba hadi mtoni huitwa malka. Mfugaji apitaye malka hapati kwa hilo haki ya kulima kando yake; haki yake ni kupita na kunywesha. Tofauti hii ndiyo isiyoonekana katika istilahi zetu za ruhusa za kompyuta.

Ichukuliwe kwamba wanafunzi wamerekodi simulizi za wazee wa pande zote mbili na kuzihifadhi katika saraka moja, iitwayo simulizi, kwenye kompyuta ya Linux. Kikundi cha wanukuzi kinaandika matini na kikundi cha wahariri kinasahihisha. Wengine wasiingie kabisa: Agosti 2012 watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa katika mgogoro wa mashamba, maji na malisho, na maneno ya mzee kuhusu malka yanaweza kumdhuru yakifika pasipostahili.

Unix, iliyoanza mwaka 1969 katika maabara za Bell, huipa kila faili mmiliki mmoja na kikundi kimoja. Waliobaki ni "wengine". Ruhusa ni tatu: kusoma (r), kuandika (w) na kutekeleza (x). Tafsiri hizi zinafaa kwa faili, lakini kwa saraka zinapotosha. Saraka haitekelezwi, x yake ni ruhusa ya kupita. Aliye na r bila x huona majina ya faili asiweze kufungua hata moja. Aliye na x bila r hufungua ile tu ambayo jina lake analijua. Huyu ndiye mpita malka hasa. Nayo w ya saraka, ikiambatana na x, ni uwezo wa kuongeza na kuondoa: mnukuzi anaweza kufuta faili ya mwenzake asiyoruhusiwa hata kuisoma. Istilahi "kupita" ingestahili kuingizwa kamusini bila kusubiri kikao.

Kuhusu vikundi viwili, wenye haraka huandika chmod 777, yaani kuvunja ua mzima kwa sababu wageni wawili wamebisha hodi. Kuunda kikundi cha tatu chenye watu wote hufaa pale tu haki zinapolingana. Njia pana zaidi ni orodha ya ruhusa. Kwanza wengine hufungiwa, na kila mtu huzuiwa kufuta faili isiyo yake:

chmod o-rwx,+t simulizi

Kisha vikundi hutajwa kwa majina:

setfacl -m g:wanukuzi:rwx,g:wahariri:rwx simulizi

Amri hiyo hurudiwa ikiwa na -d kabla ya -m, ili faili zitakazozaliwa humo zirithi ruhusa hizo. Wengi husahau hatua hii, wakashangaa mhariri anaposoma matini ya jana na kukataliwa ya leo.

Baada ya hapo, chmod g-w haigusi kikundi kimoja tu. Hushusha kikomo cha orodha nzima, na vikundi vyote viwili hupoteza w ingawa majina yao bado yamo. Amri getfacl huonyesha ruhusa iliyoandikwa na, kando yake, ile inayofanya kazi kweli.