SOMO LA SAYANSI: KUIPIMA CHAJI YA UMEME NA KUBADILI VIPIMO VYAKE



Wapenzi wanafunzi, wazazi na walezi wetu, katika somo hili tunajifunza namna ya kupima chaji ya umeme na namna ya kuihamisha kutoka kipimo kimoja kwenda kingine. Somo hili linatuhusu sana sisi wa Rondo. Taa nyingi tunazosomea baada ya Maghribi zinatumia betri na sola, na betri hizo hununuliwa kwa fedha za ufuta na korosho, fedha ambazo mzazi hazipati kwa urahisi. Anayenunua kitu asichojua kukipima humtegemea muuzaji kwa kila neno.

Kubadili kipimo ni nini?

Jambo hili mnalijua tayari. Pishi moja ni vibaba vinne. Mtu anayetoa Zakaatul-Fitri kwa pishi moja na anayetoa kwa vibaba vinne wametoa sawasawa. Nafaka haikuongezeka wala haikupungua. Kilichobadilika ni chombo cha kupimia na idadi yake. Chaji ya umeme nayo ni hivyo hivyo. Tukishika kanuni hii, hesabu zote zinazofuata ni kuzidisha na kugawanya tu.

Chaji ya umeme

Vitu vyote vimejengwa kwa chembe ndogo mno, na miongoni mwake zimo elektroni, ambazo zina chaji hasi. Chembe hizo zikitembea ndani ya waya tunapata mkondo wa umeme. Wanafunzi wa Kiarabu wanajua kwamba umeme huitwa kahrabaa. Asili ya neno hilo ni Kiajemi, na maana yake ni kitu kinyakuacho majani makavu. Lilikuwa jina la kaharabu, utomvu wa kale uliogeuka jiwe, ambao ukisuguliwa hunyakua vijani vidogo. Nanyi mnaweza kujaribu kwa kusugua kalamu ya plastiki kwenye nywele kavu kisha kuisogeza kwenye vipande vidogo vya karatasi.

Vipimo vyenyewe

1. Kulombu (C). Hiki ndicho kipimo rasmi cha kimataifa. Kimepewa jina la Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb (1736–1806). Mkondo wa ampea 1 ukipita kwa sekunde 1, chaji iliyopita ni kulombu 1. Kulombu moja ni sawa na chaji ya elektroni zipatazo 6,240,000,000,000,000,000. Subhanallah!

2. Vipimo vidogo vya kulombu. Milikulombu 1,000 hufanya kulombu 1. Maikrokulombu 1,000,000 hufanya kulombu 1. Chaji ya kalamu iliyosuguliwa ni ndogo, kwa hiyo hupimwa kwa vipimo hivi.

3. Ampea-saa (Ah). Hiki huandikwa kwenye betri za gari na za sola. Ni chaji inayopita mkondo wa ampea 1 ukitembea kwa saa 1.

4. Mili-ampea-saa (mAh). Hiki huandikwa kwenye betri za simu. Mili-ampea-saa 1,000 hufanya ampea-saa 1.

Kanuni ya kubadili

Saa moja ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60. 60 × 60 = 3,600. Kwa hiyo:

Ah 1 = C 3,600
mAh 1 = C 3.6

Kutoka Ah kwenda C, zidisha kwa 3,600. Kutoka C kwenda Ah, gawanya kwa 3,600. Ukisahau lipi la kuzidisha na lipi la kugawanya, rudi kwenye pishi na kibaba: kipimo kidogo huhitaji idadi kubwa. Kulombu ni ndogo kuliko ampea-saa, basi idadi ya kulombu lazima iwe kubwa zaidi.

Mfano wa 1: simu na radi

Betri ya simu ndogo imeandikwa mAh 1,000. Ina kulombu ngapi?
1,000 × 3.6 = C 3,600.

Sasa tafakarini. Radi moja ya kawaida hubeba chaji ya kiasi cha kulombu 15 hivi, ingawa zipo kubwa zaidi ya hapo. Betri iliyo mfukoni ina chaji mara 240 ya hiyo! Mbona basi radi huua na kupasua miti, na simu haimdhuru anayeishika? Ni kwa sababu chaji ya radi husukumwa na mamilioni ya volti na kumalizika kwa muda mfupi mno, lakini ya simu husukumwa na volti 3.7 tu. Kwa hiyo kujua chaji peke yake hakutoshi. Lazima tuulize pia: kwa volti ngapi?

Mfano wa 2: taa za darasa

Darasa lina taa mbili za volti 12, kila moja wati 6. Zinawaka saa 3 kila usiku.
Mkondo wa taa moja: 6 ÷ 12 = ampea 0.5. Taa mbili ni ampea 1.
Chaji ya usiku mmoja: 1 × 3 = Ah 3, yaani C 10,800.

Betri ya volti 12 yenye Ah 18 ingeonekana kutosha siku sita. Lakini betri za asidi huharibika mapema zikikamuliwa mpaka mwisho. Ni vyema kutumia nusu tu. Nusu ya 18 ni 9, na 9 ÷ 3 = siku tatu. Hiyo ndiyo akiba yetu iwapo mawingu ya masika yataziba jua.

Mfano wa 3: nambari kubwa inayodanganya macho

Dukani kuna kifaa cha kuchajia simu kilichoandikwa 20,000, na pembeni kuna betri ya sola iliyoandikwa 18. Mnunuzi asiyejua ataona 20,000 imeiacha 18 mbali sana. Tubadili kwanza: mAh 20,000 ni Ah 20. Kumbe tofauti ni 20 kwa 18!

Bado hatujamaliza. Ili kupata nishati, zidisha Ah kwa volti:
Kifaa cha simu: 20 × 3.7 = wati-saa 74.
Betri ya sola: 18 × 12 = wati-saa 216.

Yule mwenye nambari ndogo ana nishati karibu mara tatu. Chaji hulinganishwa kwa haki pale tu volti zinapokuwa sawa. Kwa sababu hiyo hiyo msichanganye ampea-saa na uniti za LUKU. Uniti moja ni wati-saa 1,000, nacho ni kipimo cha nishati, si cha chaji.

Zoezi

1. Badili mAh 2,500 kuwa Ah, kisha kuwa C.
2. Betri ya gari ni Ah 50. Ni kulombu ngapi?
3. C 54,000 ni Ah ngapi?
4. Taa ya volti 12, wati 3, imewaka saa 4. Imetumia chaji kiasi gani?
5. Kidato cha tatu na cha nne: Faradei moja ni takriban C 96,500. Ni Ah ngapi?

Majibu: 1) Ah 2.5, C 9,000. 2) C 180,000. 3) Ah 15. 4) Ah 1, yaani C 3,600. 5) Ah 26.8 hivi.

Mwisho

Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Mizani haikuisha kwenye mchele na sukari. Nambari iliyo kwenye betri nayo ni kipimo, na anayeandika asichoweka ndani amepunja. Basi mwanafunzi atakayekuwa mfanyabiashara na aseme kweli, na mwanafunzi atakayefuatana na mzazi wake Lindi mjini kununua betri asome Ah na volti zote mbili kabla fedha haijatoka mfukoni.

Wabillahi tawfiq.