Mji Unavyomeza Ardhi ya Jirani

Swali: Katika jimbo la Ohio, Marekani, manispaa hutwaaje ardhi ya taunishipi, yaani eneo la kaunti lisilo ndani ya mji wowote?

Jibu: Kwa kawaida mwenye ardhi ndiye huanza, wala si meya. Wamiliki walio wengi wa eneo linalopakana na mji hutia saini ombi na kulipeleka kwa makamishna wa kaunti, ambao husikiliza pande zote hadharani. Wamiliki wote wakikubaliana, zipo njia za mkato. Kaunti ikiridhia, baraza la mji husubiri siku 60 kabla ya kulipokea eneo. Mpangaji asiye na ardhi hana saini. Hapo ndipo manung'uniko huzaliwa.

Nguvu halisi, hata hivyo, imo kwenye mabomba. Kuanzia miaka ya 1950, mji wa Columbus, Ohio, chini ya meya Jack Sensenbrenner ulitoa huduma za maji na majitaka kwa waliokubali kuingia mjini. Mji uliokuwa na takriban maili za mraba 40 mwaka 1950 leo umepita 220, na mipaka yake imejaa matundu ya taunishipi zilizobaki katikati.