SOMO LA KIKUNDI: FUNDI KATIKA NYUMBA YA WATU

Ndugu wanakikundi, fundi wa Kibarani akiitwa kazi Mji wa Kale, anaingia nyumba ya watu, siyo karakana yake.

1. Desturi ya pwani, hodi ni mara tatu. Usipojibiwa, rudi zako.
2. Ukijibiwa, ngoja dakani kina mama wajisitiri. Vua viatu ndipo uingie.
3. Ukipanda paani, toa sauti kwanza. Ua wa jirani unaonekana.
4. Tandika gunia kabla ya kutoboa ukuta. Kifusi ondoa mwenyewe.
5. Uliyoyaona ndani, yaache humo humo.

Fundi mmoja akikosa adabu, kikundi kizima hufungiwa mlango.

Tujadiliane: Ni mteja gani ametuita mara ya pili? Asiyetuita tena, tulimkosea nini?