Unga mweupe juu ya majani ya maboga: namna ya kujaribu dawa

Ninyi walimaji wa vijiji vya Katanga karibu na migodi, mnauza maboga na kibwabwa kwa watu wa kazi. Mara nyingi mvua ikikoma, mwezi wa 4 au wa 5, majani yanaota mabaka meupe kama unga wa muhogo. Kwanza tazameni kama si vumbi la barabara. Pangusa jani kwa kidole chenye maji. Vumbi linatoka. Ugonjwa unarudi baada ya siku chache, hata chini ya jani, mahali vumbi halifiki.

Ugonjwa huu ni ukungu, nao unakula jani likingali hai. Jani linakauka mbele ya wakati, jua linachoma boga, na boga linabaki dogo bila utamu.

Dawa ya zamani ni kiberiti: si kile cha kuwashia moto, ni unga wa manjano unaochanganywa na maji. Huko Ulaya walimaji wa mizabibu wanautumia tangu miaka ya 1850. Dawa nyingine ni maziwa ya ng'ombe. Mwaka 1999 majaribio ya Brazil yalionyesha kwamba kopo 1 la maziwa katika makopo 9 ya maji lilipunguza sana ukungu wa mimea ya jamaa ya maboga.

Lakini usinunue dawa ya shamba zima. Chagua safu 3 zilizopandwa siku moja. Safu ya kwanza nyunyiza maji matupu. Ya pili kiberiti, kwa kipimo cha paketi. Ya tatu maziwa. Anza siku unapoona doa la kwanza. Rudia kila siku 7, asubuhi, juu na chini ya majani.

Mtu atauliza: kwa nini kupoteza safu moja kwa maji? Kwa sababu ukungu unaweza kupungua wenyewe. Bila safu ile utaisifu dawa bure, na mshahara wa mume wako utaisha dukani.

Baada ya juma 3, hesabu majani 20 katika kila safu: yenye mabaka ni mangapi? Kama majani ya kiberiti yameungua pembeni, acha. Kiberiti kinaunguza wakati wa jua kali. Katika joto la mwezi wa 10 usikitumie.

Kibwabwa cha kula usikichume katika safu ya kiberiti. Na maji ya buluu yanayotoka mgodini msiyanyunyize kamwe. Wengine wanayaita dawa kwa sababu yana shaba. Yanaua mimea, na udongo unabaki na sumu miaka mingi.