SOMO KWA MADEREVA: HITA NA REDIO NDANI YA LORI



Wapo wasimamizi wanaosema hita na redio ni anasa. Sisi wa chama hatukubali. Dereva anayebeba majani ya chai alfajiri katika baridi ya Fort Portal ni lazima apate joto. Lakini vyombo hivi vina namna yake.

Hita huchukua joto la maji ya injini, na feni hulisukuma ndani ya kabini. Bomba la moshi likitoboka, feni hiyo hiyo yaweza kuvuta sumu ya moshi, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, kisha usingizi ambao mtu huenda asiamke. Kwa hiyo, ndugu dereva, ukilala katika foleni ya Malaba, zima injini ujifunike blanketi. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Bomba bovu liandikwe katika kitabu cha gari, na mwakilishi wa chama aarifiwe. Kulitengeneza ni juu ya tajiri, si mshahara wa dereva.

Kioo kikipata ukungu, elekeza feni kiooni na fungua hewa ya nje.

Stesheni ya redio itafutwe kabla ya kuondoka. Wenzetu wanaopanda nyuma hawana kengele. Wana ngumi tu za kugonga kabini mwenzao akianguka. Basi kabla ya safari wagonge, injini ikinguruma na redio ikiimba. Dereva asiposikia, apunguze sauti, wagonge tena.