Utata wa Neno "Masafa" katika Upimaji wa Kasi kwa Mwanga

Neno masafa lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni umbali: Bondo hadi Kisumu ni masafa, na mwanariadha hukimbia masafa marefu. Redioni limepata maana nyingine. Masafa mafupi ni mawimbi yenye urefu mdogo, ilhali masafa ya FM anayoyataja mtangazaji ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kwa kuwa wimbi likifupika mitetemo huongezeka, masafa mafupi ndiyo yenye masafa makubwa!

Matangazoni utata huu huvumilika. Katika majaribio ya kupima vitu vinavyogongana kwa kasi kubwa hauvumiliki hata kidogo.

Msingi wa upimaji huo husikika barabarani. Bodaboda ikipiga honi kwenye barabara ya Bondo kwenda Usenge, sauti huwa nyembamba inapokaribia na nzito inapokwenda zake. Mwanga nao hubadilika vivyo hivyo. Leza yenye wimbi la nanomita 1550 humulika bamba linalogongwa. Mwanga unaorudi huchanganywa na ule usiobadilika, na mchanganyiko huo hudunda. Bamba likienda kilomita 1 kwa sekunde, midundo hufika takriban bilioni 1.29 kwa sekunde. Chombo cha aina hii kilielezwa mwaka 2006 na Strand na wenzake wa maabara ya Lawrence Livermore, Marekani.

Bamba hugongwa mara moja tu, likaharibika. Sharti basi sehemu zake nyingi zipimwe kwa pamoja, na oskiloskopu ziwezazo kunasa midundo ya haraka hivyo ni ghali mno. Ndipo vipimo vingi vikapitishwa katika njia moja ya oskiloskopu, mbinu ambayo yafaa kuitwa ushirikishaji-njia. Kwanza, kila sehemu hulinganishwa na leza yenye mtetemo tofauti kidogo, ili midundo yake ikae katika ukanda wake, mfano wa vituo vya redio. Pili, mwanga wa kundi jingine la sehemu hupitishwa katika uzi mrefu wa faiba ili uchelewe. Kila kilomita 1 huuchelewesha takriban mikrosekunde 5. Kanda nne kwa zamu mbili huleta vipimo vinane.

Sasa mfasiri aandike kwamba vipimo "hutenganishwa kwa masafa". Je, ni kwa mitetemo, au kwa urefu wa uzi? Neno limezibeba mbinu zote mbili, na maelezo yamevurugika.

Ni heri masafa libakie na umbali, na marudio litumike kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kweli, marudio nalo lina mzigo wake, hasa katika Kaunti ya Siaya iliko Bondo, ambako upigaji kura wa uchaguzi wa marudio wa Oktoba 2017 haukufanyika. Lakini uchaguzi hauingii katika oskiloskopu, umbali huingia.