Kutuliza Hofu kwa Ncha za Vidole

Wengi wanaojifunza mbinu ya kugongagonga huanza kwa kuhangaikia vidole. Wanauliza nukta ya kwanza ni ipi, mkono uwe wa kulia au wa kushoto, wagonge mara tano au saba. Maswali hayo yana majibu na nitayatoa. Lakini kwa watu niliowahi kukaa nao nikiwaelekeza, nimeona kinachomfaa mtu zaidi ni sentensi anayoitamka wakati vidole vinafanya kazi. Akisema maneno ya jumla, humaliza mzunguko mzima na moyo bado unamwenda mbio. Akilitaja lile hasa linalomkereketa, utaona mabega yanashuka.

Mbinu yenyewe ni nyepesi. Unagonga kwa ncha za vidole sehemu fulani za mkono, uso na kifua, huku ukisema kwa sauti kuhusu woga, hasira, aibu au hali ya kutojiamini iliyokubana wakati huo. Haina kifaa wala gharama, na ukishaizoea haizidi dakika kumi.

Asili yake ni California, Marekani. Mwanasaikolojia Roger Callahan alikuwa akimtibu mama mmoja mwenye hofu kali ya maji, na njia alizozizoea zilikuwa hazijafua dafu. Siku moja yule mama akasema hofu anaisikia tumboni. Callahan alikuwa amejisomea kidogo tiba ya Kichina ya sindano, akamwambia agonge chini ya jicho, mahali ambapo tiba hiyo hupahusisha na tumbo. Kwa masimulizi ya Callahan mwenyewe, hofu ikamtoka. Baadaye alitengeneza mpangilio tofauti wa nukta kwa kila aina ya tatizo. Mwanafunzi wake Gary Craig, aliyesomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliurahisisha katika miaka ya 1990: mpangilio mmoja kwa matatizo yote. Huo ndio unaojulikana zaidi leo kwa kifupi cha EFT, na ndio nitakaoueleza hapa.

Kabla ya kugusa popote, chagua jambo moja. Usichague "maisha yangu". Chagua kikao cha Jumatatu, au maneno aliyokuambia shemeji yako jana, au barua ya maombi ya kazi ambayo umeshindwa kuituma. Kisha ulipime: sifuri hadi kumi, sifuri ikiwa ni utulivu na kumi ikiwa ni hali isiyovumilika. Kipimo hiki tumekipata kwa Joseph Wolpe, daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Afrika Kusini, na kinatumika hata na wataalamu wasioikubali kabisa mbinu ya kugongagonga. Iandike namba yako. Mtu akishatulia kidogo husahau alivyokuwa, na namba itakukumbusha.

Sasa tunga sentensi. Ina sehemu mbili: ya kwanza inataja tatizo bila kulipamba, ya pili inakukubali wewe mwenye tatizo. "Ingawa naogopa kusimama mbele ya wazazi wa wanafunzi, najikubali nilivyo." Itamke mara tatu huku ukigonga ubavu wa kiganja, ile nyama iliyo upande wa kidole cha mwisho, kwa vidole vya mkono mwingine.

Baada ya hapo unapanda usoni na kuteremka. Tumia vidole viwili, cha shahada na cha kati, ugonge kila mahali mara tano hadi saba, kwa nguvu ya kubisha mlango wa mtu aliyelala usiyetaka kumshtua. Unaanzia pale nyusi inapoanza, karibu na pua. Unakwenda pembe ya nje ya jicho, juu ya mfupa. Unakuja chini ya jicho, pia juu ya mfupa. Halafu kati ya pua na mdomo wa juu, kisha kwenye kibonde kilicho kati ya mdomo wa chini na kidevu. Unashuka kwenye mtulinga: tafuta kishimo kilicho chini ya koo, teremka kidogo, sogea kando, na hapo unaweza kutumia vidole vyote au ngumi laini kwa sababu eneo ni pana. Kisha ubavuni, kama upana wa kiganja chini ya kwapa. Unamalizia utosini. Upande wa kulia au wa kushoto ni sawa, na ukitaka gonga pande zote mbili. Mwenye miwani aivue. Aliyevaa hijabu au kilemba hana haja ya kukivua, utosini agonge juu ya nguo.

Katika kila nukta unatamka kifungu kifupi cha kukurudisha kwenye jambo lako: "hofu hii ya wazazi", "wataniona sijui", "koo linakauka". Ukimaliza mzunguko, vuta pumzi ndefu, itoe polepole, upime tena.

Hapo ndipo kazi inapoanza hasa. Chukua binti aliyehitimu chuo na kesho ana usaili. Anagonga akisema, "Ingawa nina wasiwasi na usaili, najikubali nilivyo." Alianza na nane, na baada ya mzunguko bado ni nane. Muulize: usaili una nini? Atafikiri kidogo, kisha atasema, "Wataniuliza tangu nihitimu nimekuwa wapi." Nenda naye mbele zaidi: wakikuuliza, itakuwaje? Hapo sauti inapungua. "Nitaona aibu kusema nimekuwa nikiuza vitenge sokoni na mama."

Hiyo ndiyo sentensi. "Ingawa naona aibu kusema nauza vitenge sokoni na mama, najikubali nilivyo." Kwenye nyusi: aibu hii ya sokoni. Pembeni ya jicho: wenzangu wako maofisini. Chini ya jicho: digrii yangu iko kabatini. Huenda machozi yakamtoka, na hakuna ubaya, aendelee kugonga. Akifika kwenye mtulinga, mara nyingi kitu kinageuka chenyewe bila kulazimishwa: "Lakini ada ya mdogo wangu imetoka kwenye vitenge hivyo." Akipima tena atakuta nne, pengine tatu. Na sasa ana jambo la kufanya usiku huo. Ameshajua swali linalomtisha ni lipi, na ana jibu la kweli: amekuwa akitunza hesabu, akipatana bei na wateja na kufuatilia madeni. Woga hautaisha wote. Ataingia kwenye usaili na tatu yake, na mtu huweza kuzungumza vizuri sana akiwa na tatu.

Angalia kwamba maneno mazuri yalikuja mwishoni na yalikuja yenyewe. Wengi hukimbilia kugonga wakisema "mimi ni hodari, mimi ni mshindi" tangu nukta ya kwanza. Moyo unajua kwamba hayo kwa sasa si kweli, na unayakataa. Anza na ukweli mchungu, ubaki nao mizunguko miwili au mitatu mpaka namba ishuke, ndipo useme jambo jema unaloliamini.

Wapo pia wanaokwama kwenye sehemu ya pili ya sentensi. Neno "najikubali" haliwatoki, hasa waliolelewa kwa kulinganishwa na wenzao. Usijilazimishe. Sema "ningependa kujikubali", au "leo sitajitukana", au "Mungu ananijua nilivyo", ikiwa hilo ndilo unaloliamini.

Kutojiamini kunahitaji subira zaidi kuliko woga wa tukio moja, kwa sababu kuna mizizi ya zamani. Mwaka 1978 wanasaikolojia wa Marekani Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika kuhusu wanawake wenye shahada na vyeo walioamini kwamba wamewadanganya watu, kwamba siku moja itagundulika hawajui kitu. Wengi wetu tunaijua hali hiyo, wanaume pia. Umepandishwa cheo, na badala ya kufurahi unasubiri kuumbuliwa. Kugongagonga kwa sentensi ya "sijiamini" hakutafika mbali. Jiulize ile sauti inayokuambia huwezi ni ya nani. Mara nyingi ina mwenyewe: mwalimu aliyekusimamisha mbele ya darasa la sita akasema hesabu huziwezi, baba mdogo aliyecheka ulivyosoma risala harusini, bosi wako wa kwanza. Ukishampata, lifanyie kazi tukio hilo moja. Lipe kichwa kama cha filamu, "Siku ya ubaoni". Gonga kwa kichwa hicho tu kwanza. Kisha jisimulie kwa sauti kipande kwa kipande, na popote mwili unaposhtuka, koo likibana au tumbo likisokota, usisonge mbele. Gonga hapo hapo mpaka mshtuko upungue, ndipo uendelee. Tukio likishasimulika lote bila mwili kuruka, hamia lingine. Fanya moja kwa siku, mawili yakizidi.

Mbele za watu huwezi kujigonga kichwa, na huhitaji kufanya hivyo. Kwenye daladala au kwenye benchi la kusubiri kuitwa, gonga ubavu wa kiganja chini ya mkoba, au weka mkono juu ya mtulinga kama mtu anayerekebisha ukosi, ukisema maneno moyoni.

Baadhi ya watu huniuliza kama huu ni uganga. Swali ni la haki, maana kuna kugusa mwili na kurudia maneno. Hakuna kinachoitwa, hakuna kinachochomwa, hakuna kinachoahidiwa zaidi ya kutulia. Nimewaona Waislamu na Wakristo wakiitumia na kumalizia kwa dua zao.

Sayansi yake inabishaniwa, na anayekufundisha akificha hilo hakutendei haki. Upo ushahidi wa jirani kabisa. Nchini Rwanda, miaka 12 baada ya mauaji ya kimbari, vijana yatima 50 waliokuwa bado na dalili za kiwewe walifanyiwa kikao kimoja tu kwa mfumo wa Callahan. Kwa tathmini ya walezi, wote walikuwa juu ya kiwango cha ugonjwa kabla ya kikao, na baadaye walibaki asilimia 6. Kwa tathmini ya vijana wenyewe walishuka kutoka asilimia 72 hadi 18, na baada ya mwaka mmoja nafuu ilikuwa bado ipo. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2010, yanatia moyo kweli. Lakini hakukuwa na kundi la kulinganisha, hivyo hayawezi kutuambia ni kiasi gani kilitokana na kugonga na kiasi gani kilitokana na kusikilizwa na mtu mzima aliyekuja kwa ajili yako. Kabla ya hapo, mwaka 2003, watafiti Waite na Holder waliwagawa wanafunzi wa chuo wenye hofu katika makundi: wengine waligonga nukta zinazofundishwa, wengine nukta za kubuni mkononi, wengine waligonga mwanasesere. Makundi yote matatu yalipata nafuu.

Wengine husoma hayo wakasema mbinu ni bure. Mimi naona yametuonyesha nguvu iko wapi. Mtu ameitaja hofu yake kwa maneno, amekaa nayo dakika kadhaa bila kuikimbia, na mikono imeupa mwili mapigo ya polepole ya kushikilia. Ukikosea nukta ya kidevu, hujaharibu kitu. Na yeyote anayekudai fedha nyingi akufundishe "nukta za siri", au anayeahidi kwamba kugonga kutaponya saratani, kisukari au presha, mkimbie. Usiache dawa yoyote uliyoandikiwa na daktari kwa sababu ya mbinu hii.

Kuna mambo ya kutofanya peke yako. Kama uliwahi kubakwa, kuteswa, au kuona watu wakiuawa, usianze kuchimba kumbukumbu hizo chumbani usiku ukiwa huna mtu. Ukianza kugonga ukajikuta unatetemeka bila kuacha au hujui uko wapi, acha maneno, fungua macho, kanyaga sakafu, taja vitu unavyoviona chumbani, kisha mwite mtu. Na kama mawazo ya kujidhuru yamekujia, nenda hospitali leo. Hospitali ya Muhimbili ina wataalamu wa afya ya akili, Mirembe ipo Dodoma, Mathari ipo Nairobi, na kituo cha afya cha karibu kinaweza kukupa rufaa.

Pia kuna msongo usiotoka kichwani. Mwajiri hajalipa mshahara, mume anapiga, mwenye nyumba anataka kodi. Kugongagonga kutakutuliza vya kutosha uweze kufikiri, na hilo ni msaada mkubwa, lakini deni litabaki deni na kipigo kitabaki kosa la jinai. Tulia kwanza, kisha uende kwa afisa kazi, polisi, mjumbe, au kwa ndugu anayeaminika.

Jaribu leo jioni kwa jambo dogo, lenye namba nne au tano. Fanya hivyo wiki moja, ukiandika namba ya kabla na ya baada. Namba zikishuka, endelea, na mambo mazito yafuate baadaye. Zisiposhuka, usijilaumu: iache mbinu hii na utafute mtu wa kuzungumza naye ana kwa ana, maana huenda hicho ndicho ulichohitaji tangu mwanzo.